Fundi wa Majeneza na Gitaa la Bintiye

Kaka yangu hajawahi kulalamikiwa na mteja hata mara moja. Wateja wake wote ni watu wakimya. Yeye ndiye anayepulizia laka majeneza kwenye karakana tunayofanyia kazi, na kitu chake kikishatoka mlangoni huonwa na watu kwa muda wa nyimbo chache na kilio kidogo, kisha kinafukiwa. Hakuna aliyewahi kufukua jeneza akalirudisha na kumwambia, "Bwana fundi, mbona limebabuka?"

Watu wanamwita Kioo. Ukipita uani kwetu ukakuta mfuniko wake umeegemezwa ukutani, utajiona mpaka matundu ya pua. Nimewaona wafiwa wenyewe, machozi yanawatoka, wanainama pale kuweka kola sawa. Mimi nashona ya ndani, satini na mito midogo ya kichwa. Cherehani yangu iko dirishani, yeye yuko nje chini ya bati, na ukuta ulio kati yetu haujawahi kunizuia kumjibu.

Sasa, mtu akiitwa Kioo ungedhani anatembea kifua mbele. Wapi! Kaka alikuwa na donda lake. Siku moja, mvua imetufungia ndani, aliniuliza kama anayeuliza saa, "Mdogo wangu, hivi kitu nilichopaka mimi kingekaa juu ya ardhi, kingefika wapi?"

"Kingefika kuchakaa, kama sisi," nikamwambia.

Hakucheka. Nikajua hapo pana kitu.

Aliyekuwa akilitia chumvi donda lile ni fundi wa magari wa mtaa wa pili, yule anayepulizia rangi milango iliyogongwa. Ni rafiki wa kaka, na rafiki wa namna ile ukiwa naye adui wa nini? Kila akija kuazima thina ya kuzimulia rangi, akiwa mlangoni tayari na kopo mkononi, anageuka: "Kioo! Kazi zangu mimi zinapigwa jua, zinapigwa mawe, zinanyewa na kunguru. Zako wewe garantii yake ni udongo!" Karakana nzima inacheka. Kaka naye anacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu msibani.

Kitinda mimba wa kaka ni msichana, tunamwita Nyuzi, kwa sababu tangu yuko mdogo hakuona waya, uzi wala ugwe akauacha bila kuuvuta usikike. Ameshakuwa mtu mzima, anapiga gitaa kwenye bendi changa. Gitaa lenyewe la umeme alilipata kwa mwanamuziki aliyechoka na njaa akaenda kuuza simu. Lilikuwa limepakwa rangi ya mafuta, nyeusi, kwa brashi, nzito kama ya geti la shule. Mtu aliyefanya vile, Mungu amsamehe, mimi bado.

Nyuzi alilifungua, shingo akaiweka kando, nyaya akazifunga kwenye kitambaa, akabaki na kiwiliwili. Akakaa kwenye kizingiti changu jioni baada ya jioni, anakwangua kwa kipande cha kioo, kisha msasa mkali, kisha msasa laini, mpaka ncha za vidole zikawa nyekundu. Mti ukaanza kutoka. Ulikuwa mweupe wa kukolea, una mistari ya kahawia inayopinda kama maji yanavyolizunguka jiwe. Mimi mbao nazijua kwa kuzikalia tu, lakini nilisimama.

"Hii haipakwi rangi, Shangazi," akasema. "Hii inataka laka tupu, mti uonekane."

"Basi una bahati. Baba yako hajui kitu kingine."

Akasogea karibu na cherehani, sauti ikashuka. "Shangazi, usimwambie baba. Nataka kulipeleka kwa fundi wa magari."

"Kwa nini?"

"Klia ya magari, ile wanayopulizia juu ya rangi ing'ae, ni ngumu. Ya baba ni ya… Shangazi, ya baba ni ya majeneza. Mimi nitalishika kila siku, kwa jasho, kwa mkanda, kwa kugongwa. Kama haikutengenezwa idumu, itadumuje? Na wenzangu kwenye bendi tayari wananiita Marehemu."

Ukuta ule una dirisha, nimeshasema. Nje msasa wa kaka ulikuwa unakwenda shaa, shaa, shaa. Ukasimama. Nikamtazama Nyuzi, naye akanitazama, akauma mdomo. Baada ya muda msasa ukaanza tena, polepole, kama mtu anayesugua kitu ambacho kimeshalainika.

Angekuwa baba mwingine angekuja juu. Kaka alikwenda zake kwa fundi wa magari, akarudi na klia kidogo kwenye kopo la maziwa na kichupa cha dawa yake ya kugandisha. Akachukua vipande viwili vya ubao. Kimoja akakipulizia klia ya gari, kingine laka yake. Akavianika, na vilipokauka akamwita bintiye, akamwekea ufunguo mkononi.

"Kwaruza."

Nyuzi akaona haya. "Baba, mimi sikusema…"

"Sijauliza ulisema nini. Kwaruza."

Ile ya gari ufunguo uliteleza. Akakaza mkono, ukaacha mstari mweupe kama chokaa. Ile ya kaka ilikwaruzika kirahisi, karibu bila kuombwa. Nyuzi akainua macho kama kwamba kesi imekwisha. Kaka akachukua bunduki yake ya kupulizia, akafyatua mara moja tu juu ya kila ubao, kila mmoja dawa yake. Kwenye ule wa gari klia mpya ilikaa juu ya mkwaruzo na mkwaruzo ukabaki unatutazama kutoka chini, kama inzi kwenye gundi. Kwenye ule wa laka mkwaruzo ulinywewa. Ulikuwepo, haupo.

"Klia ya gari ikishaganda haijuani tena na mwenzake," kaka akasema. "Ni askari. Hapigiki, lakini akianguka ni wa kubebwa. Laka yangu mpya ikija juu ya ya zamani, ya zamani inayeyuka kidogo, zinakuwa kitu kimoja. Ni kama mke mwenye busara. Unamkwaza, unamwomba radhi, yanaisha."

"Wifi yangu nitamfikishia," nikasema dirishani.

"Wewe shona."

Nyuzi akavigonga vile vibao kwa kifundo cha kidole, akiviweka karibu na sikio. Akasema wa gari unasema kama bakuli la plastiki, wa laka unasema kama mti. Mimi nilisikia ko na ko, lakini wenye masikio yao wanajua. Akavipima viganjani. "Na itadumu, baba?"

Ungeona uso wa kaka. Mtu anajua jibu la kila kitu kwenye kazi yake, isipokuwa hilo. "Sijui," akasema. "Sijawahi kuachiwa nione."

Sasa hapo ndipo Nyuzi alipomkabidhi kile kiwiliwili. Mimi ningekwenda kwa fundi wa magari mbio. Yeye aliposikia "sijui" ndipo akakitoa kwenye shuka na kukiweka mikononi mwa baba yake. "Sawa. Ila isiwe na ule mng'aro wa… unaelewa."

"Wa nini?"

"Wa safari."

"Kwani gitaa lako halisafiri?" Wakacheka wote wawili, na mimi nikakata uzi kwa meno.

Kwa hiyo kilichokuwa mikononi mwa kaka si mbao. Gitaa ni moja, msichana hana lingine, na amemwamini baba yake mbele ya mtaa mzima unaosema kazi yake haifiki kesho kutwa. Kikiharibika kile, hakuna udongo wa kukifunika.

Alianza vizuri, sitamnyima haki yake. Alikisugua, akakipangusa kwa kitambaa kilicholowa thina, akafukuza kila mtu mwenye mikono ya mafuta. Akapaka sila, ile dawa ya kuziba vinyweleo vya mti, akasugua tena mpaka kikawa laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Nyuzi akaziba kwa utepe wa karatasi ile nafasi inapoingia shingo. "Laka ikijaa humu, shingo haikai," akamwambia. Kaka akakubali kama mwanafunzi. Majeneza hayana shingo.

Kosa lilikuja na neno moja. Nyuzi, anaondoka zake, akasema, "Ikiwezekana Jumamosi, tuna mazoezi. Ikishindikana si neno."

Masikini, hakujua. Kwetu Jumamosi ndiyo siku ya kuzika. Kaka akisikia Jumamosi, mkono unatangulia, akili inafuata na baiskeli. Hilo "ikishindikana si neno" hakulisikia kabisa. Kwenye kazi yetu halijawahi kutamkwa. Methali ya haraka haina baraka haijabandikwa kwenye karakana yoyote ya majeneza.

Asubuhi ile mbingu ilikuwa imeinama. Mvua haijanyesha, ila satini yangu ilinigandia vidoleni na chumvi ilikuwa imelowa kwenye kopo. Nikamwambia, "Kaka, hewa ina maji." Akanijibu, "Jumamosi hiyo," akachukua ndoo, akamwagia sakafu maji kutuliza vumbi, kama afanyavyo siku zote. Maji juu ya maji. Akakining'iniza kiwiliwili kwa waya, akavaa barakoa, akawasha pampu ya hewa.

Na mkono wake, jamani, ni mzuri. Anaanzia nje ya ukingo, anapita, anamalizia nje ya ukingo, bega ndilo linalotembea na kifundo hakipindi. Lakini alipita, akapita, akapita tena kabla ya ile ya kwanza haijapumua, kijeneza-jeneza. Mistari ya kahawia ikawaka kama imeamshwa. Akavua barakoa, akanitazama kupitia dirisha akitaka nimsifu. Nikafungua mdomo.

Nikaufunga. Kiwiliwili kilikuwa kinabadilika mbele yetu. Kilianza pembeni, ukungu mwembamba, ukatambaa katikati, ukawa mzito. Mistari ikafifia, ikaenda zake. Kikabaki cheupe kimoja, kama jicho la mzee lenye mtoto wa jicho.

Bunduki ikaning'inia mkononi mwa kaka, inadondosha laka kwenye kiatu chake.

Majeneza ya siku za mvua yalishawahi kumfanyia hivyo. Dawa yake pale kwetu ilikuwa moja: linapigwa rangi nyeupe kabisa, linapambwa maua, linakwenda. Hakuna aliyengoja kuona kama ukungu unatoka. Nani angengoja?

Kwa bahati mbaya ya siku kama hizo, aliyeingia kwanza ni fundi wa magari na kopo lake. Akasimama. Hata mzaha ulimkauka. "Kioo," akasema taratibu, "hii ni ya kukwangua yote. Nipe mimi, nianze upya." Kisha seremala wetu akatokea na jiko la makaa linawaka, ati tukipashe moto maji yatoke. Makaa, mahali penye harufu ya thina! Nilipiga ukelele uliomrudisha kinyumenyume mpaka barabarani. Kidogo tu tungepata wateja wa ndani ya nyumba.

Nyuzi akaja mchana. Tulikuwa tumesimama wote kama kwenye mazishi, na ndani ya karakana ile mtu akikuta watu wamesimama hivyo haulizi. Akakiona. Akanyoosha kidole, hakukigusa. Nikaona anavitazama vidole vyake, vile alivyokwangulia.

"Unyevu umeingia chini," kaka akasema, sauti ya mtu anayetoa ushahidi. "Nimepulizia siku mbaya. Nilisikia Jumamosi. Aliyenifundisha kazi alisema laka ikivaa ukungu, ngoja jua kali, uirushie thina nzito, ile inayokauka polepole. Inalegea, unyevu unatoka. Alisema. Mimi sijafanya, kwa sababu sijawahi kungoja."

"Na ikikataa?" fundi wa magari akauliza.

"Ikikataa nitaikwangua mimi mwenyewe kwa kucha."

Nyuzi alimtazama fundi wa magari, akamtazama baba yake. Fundi wa magari alikuwa ameweka kopo chini, mikono iko tayari. Nilijua akimpa, kaka hatashika bunduki tena kwa moyo ule ule. Atayapaka tu majeneza, kama mtu anayeosha vyombo vya jirani.

"Mazoezi nitaazima gitaa," Nyuzi akasema. "Ngojea jua, baba."

Basi tukangoja. Mvua nayo ikaona ndiyo nafasi yake. Kaka alikihamishia kiwiliwili chumbani kwangu, akakitundika juu ya satini, nikawa nashona na lile jicho jeupe linanikodolea. Nilikisema sana, sitaficha. Nilikiambia mambo ambayo mengine yalikuwa ya kaka. Yeye kila akipita alitoa kichwa nje kutazama mbingu, anarudi, anakitazama, anakwenda kwenye jeneza lake. Sijawahi kumwona mtu anangoja vibaya namna ile. Hakuwa na mazoezi.

Kisha siku moja satini ilianza kuteleza tena vidoleni mwangu, kavu, inalia cheche. Nilipotoka uani kumwambia, kaka alikuwa ameshakitundika kivulini mwa ukuta, jua linapiga kote, na ndoo ya maji ameipindua na kuikalia. Nyuzi amesimama kando yake.

Alifunga bunduki mpaka ikabaki inatoa pumzi tu. Akarudi nyuma kuliko kawaida yake. Akarusha thina, unyunyu mwembamba usioonekana ila kwa harufu, mpito mmoja, akasimama. Hakuna kitu. Akangoja. Naam, kaka yangu, akangoja! Mpito wa pili. Nyuzi alinishika mkono, kucha zikaingia, nami nikamwacha.

Mstari mmoja wa kahawia ulitokea karibu na ukingo.

Mmoja tu, kama unywele. Halafu mwenzake. Ukungu ukaanza kurudi nyuma, ukachanika katikati, ukapungua kama pumzi inavyoondoka kwenye kioo cha dirisha. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyaona yanazoleka. Mti ukarudi wote, na mistari yake inayopinda, safi, unang'aa kwa upole kama kitu kilicholala vizuri.

Kaka akavua barakoa, akakaa chini hapo hapo juu ya jeneza lililokuwa karibu, nashukuru lilikuwa halijapakwa. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka anashika mbavu, na Nyuzi naye kamwangukia shingoni.

"Jumamosi!" kaka akasema, akipangusa macho. "Eti Jumamosi!"

"Mtatia vumbi," nikawaambia.

Mipako iliyobaki aliiweka kwa kuachanisha, myembamba myembamba, siku zenye jua tu. Kisha akakiacha kikauke kwelikweli, na kipimo chake kilikuwa pua: kila asubuhi anakinusa kama mtu anayenusa maziwa. Siku ambayo hakikunuka thina tena ndipo alipokisugua kwa msasa laini wa maji na kukisafisha kwa polishi. Polishi aliiazima kwa fundi wa magari; zamu hii kaka ndiye aliyekuwa mlangoni tayari na kopo mkononi, akageuka, lakini hajui maneno ya kuchoma. Alisema tu, "Asante."

Nyuzi akaifunga shingo. Ikakaa kama imezaliwa pale. Akaenda nalo. Bendini sasa wanamwita Nyuzi, kama sisi.

Muda ukapita, wa kutosha mimi kubadilisha miwani. Juzi Nyuzi alikuja karakanani na gitaa begani, akaliweka juu ya meza ya baba yake. "Baba, limechoka kidogo. Naomba ulitengeneze."

Kaka akalipeleka dirishani kwangu penye mwanga, akaligeuza. Mgongoni pana mikwaruzo ya mkanda, mingi. Mahali anapoegemeza mkono pamefifia kwa jasho. Ukingoni pamegongwa, pana kishimo. Akapitisha kidole gumba polepole, pembe hadi pembe, akitafuta mahali palipoinuka, palipopasuka, palipobabuka. Akazunguka lote. Akaanza tena upya.

Fundi wa magari alikuwa mlangoni, amefuata thina. "Kioo! Naona leo mteja wako amerudi kulalamika."

"Amerudi," kaka akasema. Hakuinua kichwa. "Ona. Amerudi."

Akachukua bunduki, akaanza na mikwaruzo ya mgongoni, mmoja mmoja, ikawa inanywewa. Alipofika kwenye kile kishimo cha ukingoni akasimama, akakipangusa kwa kitambaa, akamrudishia bintiye gitaa lake.

"Hapo umesahau, baba."

"Sijasahau. Hapo paache hivyo hivyo, ulilete tena mwakani. Nataka nione pamefika wapi."